Re: Longjing yangu inatoka chungu, nimeuziwa feki?
Mkuu, usimlaumu muuzaji kabla hujaangalia maji yako. Longjing ni chai ya kijani ya Hangzhou, China, na kwa jadi majani yake hukaangwa kwenye karai kwa mkono. Ukiimwagia maji yanayotokota lazima iwe chungu, na ukiichemsha sufuriani kama chai ya maziwa ndiyo umeiua kabisa. Acha maji yapoe hadi nyuzi 80 hivi, weka gramu 3 kwenye glasi, sukari hapana. Baada ya dakika 2 onja: harufu inakaribia karanga za kukaanga, na utamu unabaki kooni ukishameza. Usimalize glasi. Ikibaki theluthi, ongeza maji. Mimi hayo ya pili ndiyo nayapenda zaidi. Ikigoma hata hapo, kamdai hela yako.