Miaka umeikariri, sababu je?

Ndugu, umesema tarehe zote za kozi ya historia ya Marekani unazijua, ila insha zinarudi zimeandikwa "eleza sababu". Ni kwa sababu unasoma kila sheria peke yake.

Anza na marekebisho ya Katiba. Ya 13 (1865) yalifuta utumwa, ya 14 (1868) yakatoa uraia na ulinzi sawa wa sheria, ya 15 (1870) yakakataza kumnyima mtu kura kwa rangi yake. Kila moja lipe karatasi yake: kushoto lilichosema, kulia jinsi lilivyokwepwa. Alama ziko kulia. Ya 15 hayakugusa kodi ya kupiga kura wala mtihani wa kusoma kwa wapiga kura, basi katiba ya jimbo la Mississippi ya 1890 ikaweka vyote viwili bila kutaja rangi.

Usiandike kwamba majeshi ya serikali kuu yalipoondolewa majimbo ya Kusini 1877 kura za Weusi zilikoma papo hapo. Wengi hukosea hapo, wakati George White, mbunge Mweusi wa jimbo la North Carolina, alikaa Bungeni hadi 1901.

Ukifika 1965 rudi kwenye karatasi ya Mississippi: Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ililenga mitihani ya namna hiyo. Kodi ya kupiga kura ilikuwa imeshapigwa marufuku kwa chaguzi za kitaifa mwaka 1964, kwa marekebisho ya 24.