Tatizo sio watoto, tatizo ni baba mwenye gari

Mmeuliza wiki hii, tufanyeje ili safari ya familia wakati wa likizo isiishie kwenye mabembea na michezo ya maji, na watoto wasichoke tukiwapeleka kuona vitu vya historia. Hapo kwenye "watoto wasichoke" ndipo mmenigusa. Nani kawaambia watoto ndio wanachoka? Mi sijaolewa lakini ni shangazi wa kazi, hawa wa kaka yangu nimezunguka nao sana, na wanaochoka ni watu wazima, tena wenye funguo za gari.

Nitatoa mfano wa Bagamoyo. Likizo ya mwezi wa sita kaka alitaka Kunduchi kwenye mabwawa kama kawaida, mi nikasema hapana, safari hii twende wote mpaka Kaole, pale karibu na mji wa Bagamoyo, na mama yetu tumchukue. Foleni mnaijua, Tegeta tu pale ilitumaliza, Bunju tukanunua mahindi, basi mpaka tunaingia Kaole kaka keshanuna na jioni ana mechi yake.

Sasa Kaole kwa haraka haraka ni magofu tu, misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe, baadhi yana minara mirefu. Lakini mzee aliyekuwa anatutembeza alikuwa na maneno huyo! Akawaonyesha watoto matundu kwenye mnara wa kaburi, akasema humo zilipachikwa bakuli za kutoka China, watu wa hapa walikuwa wanafanya biashara na dunia nzima kabla Mreno hajaijua njia ya huku. Yule wa darasa la tatu akauliza, babu, sasa nani alipanda juu akazitoa? Mzee akacheka, akasema watu, mjukuu wangu, watu. Basi ikawa ndio kazi, watoto wanakimbia kaburi hadi kaburi kutafuta matundu, wanabishana hili la bakuli au limebomoka tu. Akawaambia pia bahari zamani ilikuwa karibu, mikoko ikajaa, bandari ikafa, wakataka waende wakaione hiyo mikoko. Mama yangu naye kafika kwenye kaburi la Sharifa, pale watu wanapoombea haja zao, kavua viatu kakaa chini anasoma dua, goti lake linamsumbua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Kaka yuko wapi? Yuko kwenye gari, kiyoyozi kinaunguruma, simu mkononi, analalamika bando. Mara tukasikia honi. Mara ya pili. Makaburini! Mzee wa watu akanyamaza, sisi aibu, mama akanyanyuka pale chini taratibu, akaenda mpaka dirishani akamwambia, "Wewe, hata waliolala unawaharakisha?" Mtu mzima na ndevu zake akazima gari akashuka kama mtoto wa shule. Watoto walicheka wiki nzima.

Mjini kwenyewe hatukukaa sana. Misheni ya Wakatoliki tulifika, tukaona ule mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mpelelezi Mzungu, mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na watoto habari ya Livingstone mwenyewe hawakuijali hata kidogo, walichoshangaa ni watumishi wake, kina Susi na Chuma na wenzao, kubeba maiti kutoka huko Zambia ya leo kwa miguu karibu miezi tisa. "Haikunuka?" Ikabidi wifi yangu, ambaye ni nesi, aeleze habari ya chumvi na kukausha juani, wakati tumebeba samaki wa kukaanga wa sokoni. Boma la Wajerumani tulilipita kwenye gari, mechi ilikuwa inakaribia.

Kwa hiyo nilikaa kuandika nikiwa na jibu moja, kina baba walazimishwe, familia ni familia, wote waende. Ila ninavyoandika namwonea huruma kidogo. Yule mtu anaendesha gari Mbagala hadi Posta siku zote za kazi, halafu likizo yake nayo tunamkabidhi usukani na foleni ya Tegeta, kisha tunashangaa hataki kusikia bakuli za China. Mimi niliyekaa nyuma nakula mahindi ni rahisi kupenda historia.

Basi jibu langu, na mnisamehe halifanani na nilivyoanza, ni kwamba msiende wote. Anayetaka maji aende Kunduchi alale kwenye kiti chake, na mtoto anayemfuata amfuate, si dhambi, hata yule wa matundu ukimuuliza leo atakwambia anataka kuteleza kwenye maji. Wanaotaka Bagamoyo wapande basi pale Makumbusho asubuhi, wakishuka wachukue bajaji mpaka Kaole, kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mabwawa. Hii ni kama watoto wameshakua kidogo, wa kubeba mgongoni sishauri, jua la pale ni kali. Na kama unakwenda na mzee, hapo ndio gari linahitajika kweli, kwa hiyo mtafute dereva wa kumlipa, awe mtu asiyefuatilia mpira.