Jibu: Wageni wa meli ya kitalii, Nungwi au mjini?

Dada, umeuliza kama wifi yako na mumewe, wanaoshuka Zanzibar asubuhi na kuondoka na meli jioni, uwapeleke Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Mimi nasema usiwapeleke. Ni karibu kilomita 60 kutoka mjini; kwenda na kurudi siku imekatika, na meli haimngoji mtu. Ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe ikichelewa, kwa kawaida huwa wanaingoja. Gari uliyokodi wewe ikipasuka mpira Mahonda, shauri yenu.

Meli inafunga gati Malindi, Mji Mkongwe uko hapo hapo, basi miguu inatosha. Anzeni soko la Darajani likiwa limechangamka. Kisha wape urojo, ule mchuzi mzito wenye bajia, ndiyo, hata kama mume ni mzungu! Mwambie muuzaji pilipili iwekwe pembeni na bajia zitiwe mwisho, zisije zikalowa kabla hajashika kijiko. Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria, usiitie kwenye hesabu, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Wakitaka shamba, Kidichi inatosha: viungo vipo, na hamamu (bafu la zamani) ya Sultani Seyyid Said ipo njia hiyo hiyo. Kisiwa cha Changuu kwa kobe wakubwa ni pazuri, ila tazama bahari kwanza. Upepo ukiwa mkali, achana nako.

Wifi ajifunike mabega na magoti, na shemeji asizunguke mjini kifua wazi. Hili naona wageni wa meli wanalisahau sana.

Vyakula vya bustani ya Forodhani vinaanza jua likizama, hivyo watavikosa, labda meli ilale.