Umejuaje? Maswali yenu kuhusu ufahamu

Mwalimu huniandikia "thibitisha" kando ya kila jibu la ufahamu, hata nikipata. Anataka nini? (Kidato cha Tatu, Voi)

Anataka kuona ulikolitoa. Soma kifungu hiki nilichokutungia: "Saumu aliikunja ile barua mara ya tatu, akaisukuma chini ya godoro. Mtoto alipouliza kama baba ameandika, alikwenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri."

Ukiulizwa hali ya Saumu, pengine utaandika "ana huzuni" na kuweka kalamu chini. Huzuni hiyo umeiona wapi? Chozi halipo. Kilichopo ni moto usiohitaji kuchochewa. Mtu anayeliacha swali la mwanawe akaenda kufanya kazi isiyokuwepo, anakwepa. Basi andika: Saumu anamficha mwanawe jambo, kwani badala ya kumjibu anakwenda kuchochea moto "uliokuwa ukiwaka vizuri". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyobeba jibu, na msomaji mwenye haraka huyaruka. Nayo "mara ya tatu" yanaonyesha barua imefunguliwa na kukunjwa tena na tena, haimtoki moyoni.

Nikinakili aya nzima, si ndiyo salama zaidi? (Kidato cha Nne, Kitui)

Hapana. Hapo unamwachia msahihishaji kazi ya kutafuta. Dondoa maneno machache, yatie alama za mtajo, ueleze yanavyolishika jibu lako. Ufahamu una alama 15 kati ya 80 za karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Inauma kuzipoteza ilhali kifungu kiko mbele ya macho yako.

Mimi na mwenzangu tulitoa majibu tofauti kwa swali moja. Lazima mmoja amekosea? (Kidato cha Pili, Malindi)

Si lazima. Mmoja akisema Saumu ana hofu na mwingine akasema anamkinga mtoto, kifungu chetu kinawabeba wote wawili. Lakini anayesema mume ameoa mke wa pili, hicho ni kisa amekileta kutoka mtaani. Hakuna neno hata moja la kukishikilia.

Mwanangu yuko Gredi ya Nne. Nimsaidieje nyumbani? (Mzazi, Mombasa)

Anza kabla ya kitabu. Akisema "leo tuna mgeni", muulize, "Umejuaje?" Atakuonyesha vikombe vya kabatini vilivyotolewa. Kisha fungueni hadithi, umuulize swali lilo hilo, naye aweke kidole juu ya neno lenyewe.