Kuonja miaka mitano ya shamba moja: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ununue chupa za mvinyo za shamba moja kwa miaka ya mavuno inayofuatana au mashamba tofauti ya mwaka mmoja, na ukishazipanga mezani uanze na kongwe au changa. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana nimeshafanya hili mara tatu na ya kwanza niliharibu.

Nilichoharibia ni tamaa. Nilikusanya chupa nne za Barolo, mvinyo mwekundu wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, zote za shamba moja: 1996, 2001, 2010 na 2016. Kwenye karatasi zinapendeza. Mezani tuliishia kusema kitu kimoja tu, kwamba mbili zimezeeka na mbili bado mbichi. Ile ya 1996 ilikuwa na rangi ya tofali pembezoni mwa glasi, inanukia majani makavu, uyoga na ngozi. Ile ya 2016 ilitubana ufizi. Sawa, lakini kipi kililetwa na miaka ya kulala chupani, na kipi kililetwa na mvua na jua la mwaka ule? Hakuna aliyeweza kusema. Umri na hali ya hewa vilikuwa vimesukwa pamoja kama mkeka, huvuti ukindu mmoja bila mwingine kufuata.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: chukua shamba moja, lakini miaka iwe jirani. Mara ya pili, shamba lilelile, nilipanga 2013, 2014, 2015, 2016 na 2017. Kati ya kongwe na changa ni miaka minne tu, kwa hiyo tofauti kubwa uionayo ni ya hali ya hewa. Na katika ile milima ya Piemonte, miaka hiyo mitano haikufanana hata kidogo. 2013 ilikuwa ya ubaridi na zabibu zilichelewa kuiva. 2014 kiangazi kilijaa mvua. 2015 ilikuwa ya joto. 2016 ilienda polepole, msimu mrefu bila vurugu. 2017 ilikuwa joto na ukame, watu wakavuna mapema.

Kwa nini Barolo? Kwa sababu sheria yao inataka zabibu ya Nebbiolo peke yake. Kule Bordeaux, Ufaransa, mwaka ukienda kombo mtengenezaji anaweza kuongeza zabibu ya Merlot na kupunguza ya Cabernet Sauvignon, au kinyume chake, kwa hiyo unaonja mwaka na uamuzi wa mtu kwa pamoja. Nebbiolo haina pa kujificha. Tena kila Barolo lazima ikae walau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya pipa, kwa hiyo zote zimepita jando moja. Ila chunguza kwanza kama mtengenezaji hakubadilisha mapipa katikati ya miaka uliyochagua. Akihama kutoka mapipa makubwa makuukuu kwenda madogo mapya ya mwaloni, utasifia jua kumbe unasifia mbao.

Tulikuwa wanane. Chupa zilisimamishwa wima siku mbili kabla ili mashapo yatulie chini. Mtu asiyeonja alizifunika kwa karatasi na kuziandika namba. Kila mtu alipata glasi tano kwa mpigo, mililita 50 kila moja, na kilichobaki kikasubiri chupani kwa mzunguko wa pili. Hapo lile swali lako la kongwe au changa linakufa lenyewe, kwa sababu zote ziko mbele yako na unarudi nyuma utakavyo. Ungekuwa na pengo la miaka ishirini ningekwambia uanze na kongwe. Mvinyo mzee ni dhaifu, na ukishapitiwa na ukakasi wa kijana, ulimi hausikii tena sauti ndogo. Wapo wanaopinga hili na wana hoja zao. Mimi ndivyo ninavyofanya. Na uteme, mkuu. Ndoo ya kutemea si mapambo.

Sasa utamu wa hadithi. Glasi namba tatu ilikuwa nyepesi kwa rangi, ukiweka kidole nyuma yake unakiona. Harufu yake waridi tupu, halafu kwa mbali lami. Kinywani uchachu ulikuwa juu, mate yanajaa pembeni mwa ulimi, na ukakasi wake laini kama vumbi la unga. Niliandika "2013, mwaka wa baridi, nzuri sana" na kuipa nafasi ya pili. Karatasi ilipovuliwa ilikuwa 2014, ule mwaka wa mvua ambao majedwali mengi yanayoipa miaka ya mavuno alama huutupa chini. Mezani tulikuwa watatu tulioingia mtego huohuo. Haikuwa na mwili wa 2016, na nisingeiweka chupani miaka thelathini. Lakini kwa usiku ule ilikuwa tayari, na wenzake wawili walikuwa bado wamenuna.

Jambo hili si geni kule. Mwaka 2002 mvua ya mawe iliichapa Barolo na wengi wakakata tamaa, lakini watengenezaji wa nyumba ya Giacomo Conterno wakatoa Monfortino, Barolo yao kuu, ya mwaka huohuo, na watu wakainua nyusi. Jedwali la alama linahukumu eneo zima, wewe unaonja mteremko mmoja na mikono ya mtu mmoja aliyekubali kutupa nusu ya vichala.

Namba tano nilijua palepale kuwa 2017. Harufu ya matunda yaliyopikwa, joto la kilevi kooni, halafu ukakasi mkavu uliokwama kwenye ufizi wa juu, mbele, kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Joto likizidi, sukari hupanda haraka na uchachu huungua, lakini maganda na kokwa hazikimbii kwa mwendo huo. Mvinyo unakuwa mtamu usoni na mgumu mgongoni. Baadaye tuliposoma lebo, hiyo ilikuwa na kilevi asilimia 14.5 na ile ya 2014 asilimia 13.5.

2016 ilinikera mwanzoni, haikutoa harufu kabisa. Saa tatu baadaye, mzunguko wa pili, ilikuwa imefunguka hadi mazungumzo yakakatika mezani. Ndiyo maana nasisitiza mbakize chupani. Kwa onjo moja tu ungewatukana bure wale waliohangaika kuitengeneza.

Lakini nilichokuwa nakitafuta hasa sikukipata kwenye tofauti. Nilipita glasi zote kwa mara ya tatu nikiwa sitaki tena kupanga nafasi, na hapo nikasikia kitu kama mnanaa, nyuma kabisa, baada ya kutema. Kipo kwenye 2013, kipo kwenye ile nyepesi ya mvua, kipo hata kwenye 2017 chini ya matunda yaliyopikwa. Kwenye zile chupa nne za kwanza nilikuwa nimekiandika mara moja na kudhani ni cha 2010. Hilo ndilo shamba. Mashamba sita ya mwaka mmoja yangekuonyesha kwamba yanatofautiana, ila usingejua kipi ni cha udongo na mteremko na kipi ni cha mtengenezaji, maana hao nao ni tofauti.

Kumbuka sijasema glasi ya 2015 ilikuwaje. Ilikuwa imeharibiwa na kizibo. Wenzangu wawili waliisifia, "ina udongo", mmoja akaiweka ya tatu. Mimi niliinusa nikapata boksi la karatasi lililolowa, na matunda yote yamefutika. Kemikali inayosababisha hiyo, TCA, pua huikamata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni, na pua hazilingani. Kwa hiyo nunua chupa mbili za kila mwaka ukiweza, au walau nusa kila moja kabla wageni hawajaketi. Ile ya 2015 sikuimwaga. Nilimimina kidogo kwa kila mtu pembeni ya 2016, wanuse moja baada ya nyingine. Yule aliyeipa nafasi ya tatu alirudi kwenye glasi yake mara nne, halafu akaifuta kwenye karatasi yake bila kusema neno.