Hadithi moja kwa wahariri wawili: inaruhusiwa, kwa sharti

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni utovu wa adabu kupeleka hadithi moja kwa wahariri wawili kwa mpigo. Si utovu wa adabu, ilimradi masharti yao yanaruhusu na kila mmoja anajua. Kosa ni kunyamaza. Mhariri ameshaisoma mara mbili tatu, ameipangia kurasa, pengine na mchoraji ameshaagizwa, halafu anaikuta imetoka kwingine. Hapo jina lako hatalisahau.

Kwenye barua ya utangulizi weka sentensi moja: "Hadithi hii ipo pia kwa mhariri mwingine; ikikubaliwa huko nitakujulisha siku hiyohiyo." Ikikubaliwa, mwandikie mhariri wa pili palepale kwenye baruapepe uliyotumia kuipeleka kwake, usianzishe nyingine, ili aione kumbukumbu yake: "Naomba kuiondoa hadithi niliyoituma tarehe 4 Machi. Imekubaliwa kwingine. Asante kwa muda wako." Inatosha. Kama ulipeleka mashairi matano na limechukuliwa moja, litaje kwa jina na useme manne bado yapo, la sivyo ataondoa yote.

Mashindano yana mambo yake. Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, na nyinginezo, kila moja ina masharti yake. Soma ya mwaka huu, si yale rafiki aliyokutumia mwaka juzi. Hadithi iliyobandikwa Facebook inaweza kuhesabiwa imeshachapishwa, na kuifuta usiku wa kuamkia siku ya mwisho hakusaidii. Waulize waandaaji mapema.

Pale waamuzi wanaposoma bila kumjua mwandishi, waandishi wengi hufuta jina ukurasa wa kwanza wakaliacha juu ya kila ukurasa, au kwenye jina la faili. Ukichapiwa stationery, Masasi au Nachingwea, fungua sehemu ya taarifa za faili: mara nyingi utakuta jina la mwenye kompyuta limekaa kama mwandishi. Lifute.

Sisi wa kusini tusisubiri siku ya mwisho. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliacha barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam imekatika Somanga, na mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikayumbisha intaneti nchi nzima. Bahasha ya basi na baruapepe, vyote mashakani. Tuma wiki moja kabla. Na kwa mashindano ya nje, saa sita usiku ya London kwetu ni saa tisa usiku, au saa nane majira yao ya joto. Kwa shindano la Sydney ni kinyume, dirisha lao la kupokea kazi hufungwa wakati sisi bado tuko mchana.

Muda wa majibu waliotangaza ukipita, ongeza wiki mbili, kisha uliza mara moja, kwa mistari miwili, ukitaja jina la kazi na tarehe uliyoituma. Usipige simu.

Msomaji wenu, Masasi