Miti ya reli ya modeli: anza na matawi, majani baadaye

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ninajenga reli ya modeli ya uwiano wa 1:87. Treni zinakwenda vizuri, ila miti imenishinda. Nasokota waya, napaka gundi, namwagia sifongo ya kijani iliyosagwa, na kila mti unatoka kama brashi ya kusafishia chupa. Gundi inang'aa, chembe zinadondoka relini. Nimebadilisha rangi ya kijani mara kadhaa, hali ni ileile. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, na pole kwa usumbufu. Achana na rangi kwanza. Miti yako ina majani lakini haina matawi, na hapo hakuna kijani kitakachoiokoa. Tafuta mti uliosimama peke yake, uutazame ukiwa umeelekea kwenye mwanga. Utaona matundu ya anga katikati yake na matawi yakikatiza humo. Majani yamekaa kwa mafungu kwenye ncha. Ndani ni vijiti na kivuli. Ukiyapata matundu hayo, jicho linakubali mengine yote.

Chukua waya wa umeme wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba, uvue ganda lake la plastiki. Mti wa mita 20 katika uwiano wako ni sentimita 23, kwa hiyo kata nyuzi zenye sentimita 30 hivi, kwani usokotaji na mizizi vitakula urefu. Fungu la nyuzi 40 linatosha. Acha sentimita tatu chini bila kusokota. Hizo ni mizizi. Sokota shina hadi tawi la kwanza, kisha tenga nyuzi saba au nane, zisokote peke yake, zigawe tena nne kwa nne, halafu mbili mbili, mpaka ncha ibaki na uzi mmoja. Rudi kwenye shina, panda kidogo, toa tawi jingine upande mwingine, na lisilingane na la kwanza. Shina litapungua unene lenyewe kadiri unavyopanda, kama inavyotakiwa. Kunja matawi sasa hivi, maana gome likishakauka, kila mkunjo utalipasua.

Kwa gome, changanya gundi nyeupe ya mbao na unga wa plasta mpaka uwe uji mzito, upake mara mbili. Tabaka la pili likianza kushika, pitisha ncha ya sindano kutoka chini kwenda juu ili kuchora mipasuko. Rangi yake ndiyo inayowaponza wengi: tumezoea kusema shina ni la kahawia, lakini mashina mengi ukiyachunguza ni ya kijivu. Paka kijivu chenye kahawia kidogo, mwagia rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi iingie kwenye mipasuko, kisha gusagusa sehemu zilizoinuka kwa brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe.

Sasa majani. Usimwage sifongo moja kwa moja kwenye waya. Chukua nyuzi za poliesta za kujazia mito, zipulizie rangi nyeusi au kijani kizito, na zikikauka zivute mpaka uone vidole vyako upande wa pili. Ukidhani umevuta vya kutosha, vuta tena. Tundika vipande vidogo kwenye ncha za matawi tu, puliza dawa ya nywele, nyunyiza chembe za sifongo, kung'uta zilizozidi, puliza tena. Tumia kijani cha aina mbili: kilichokolea chini na ndani, cha kung'aa kidogo juu ambako jua lingepiga. Dawa hiyo inashika moto upesi, kwa hiyo fungua madirisha na usiwe karibu na mwali. Kazi hii pia ifanyike mbali na reli, kwani ukungu wake ukitua juu ya chuma, magurudumu hayatapata umeme vizuri. Kuhusu mng'ao, maliza kwa vanishi isiyong'aa. Itashikilia na zile chembe zinazodondoka.

Mti haukai juu ya ardhi kama nguzo. Toboa shimo, panua nyuzi za mizizi, zifunike kwa udongo. Tumia udongo halisi uliokaushwa kwenye oveni na kuchekechwa, lakini upitishie sumaku kwanza: chembe za chuma zikivutwa na mota ya kichwa cha treni, zitaiharibu. Lowesha kwa mpulizo wa maji, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mara mbili yake pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, gundi itasimama juu kwa matone na kuviringisha udongo.

Miti ya nyuma kabisa iwe mifupi na ya kijani kilichofifia kuelekea buluu. Meza itaonekana ndefu zaidi. Rangi zote zichanganye chini ya taa ileile inayomulika reli yako.

Na kabla ya kugundisha mti wowote karibu na kona, pitisha behewa lako refu kuliko yote polepole. Katikati yake huingia upande wa ndani wa kona na ncha zake hutoka nje, kwa hiyo angalia pande zote mbili.